Udongo Mchanga: Jinsi Virutubishi Vinavyotendana katika Ardhi Iliyoachwa na Barafu

0. Utangulizi

Makala haya yana chanzo cha aibu, na ni vema chanzo hicho kitajwe mapema. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na shirika moja la kilimo kutafsiri, kutoka Kifaransa hadi Kiswahili, karatasi ya kurasa nne kuhusu matumizi ya mbolea ya viwandani. Karatasi hiyo ilikusudiwa kugawiwa wakulima wa vijiji vilivyo kati ya Kasongo na Kabambare. Kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, nilishughulikia ngeli na upatanisho wa kisarufi kuliko udongo wenyewe. Kila palipotajwa azoti niliandika "mbolea", na kila palipotajwa fosfori niliandika "mbolea" vilevile. Sentensi zilisomeka vizuri, nami nikalipwa.

Msimu uliofuata, mama mdogo wangu anayelima upande wa Kabambare aliuza mbuzi wawili, akanunua urea, akaitia katika shamba lake la karanga. Mimea ilistawi kwa majani mabichi kiasi kwamba majirani walikuja kutazama. Siku ya kung'oa, mashina mazito yalitoka ardhini na maganda machache, mengi yakiwa matupu. Nilipokwenda kumsalimu, aliniambia bila hasira: "Mwanangu, karatasi yako imetulimia majani."

Urea ni mbolea ya nitrojeni, yaani ile azoti tuliyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Karanga haikuwa na haja nayo. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine. Ili nielewe kosa langu nilianza kusoma, na maelezo yaliyo wazi kuliko yote sikuyapata katika maandishi kuhusu udongo wetu wa Maniema. Niliyapata katika maandishi kuhusu ardhi inayofunuliwa barafu inaporudi nyuma mlimani. Huko udongo huanza karibu na sifuri. Mtafiti anaweza kuona kila kirutubishi kinapoingia, kinamkuta nani, na kinamngojea nani.

Makala yananuia mambo matatu: kueleza jinsi virutubishi vinavyotendana katika udongo huo, kuonyesha tofauti kati yake na udongo wa Kasongo na Kabambare, na kupendekeza maneno ambayo yangeweza kumwokoa mkulima na kosa kama langu.

1. Neno "mchanga" na maana zake mbili

Msomaji wa lugha atanivumilia nianze na neno. Kivumishi -changa humaanisha kisichokomaa: mtoto mchanga, ndizi changa, mahindi machanga. Nomino udongo huchukua upatanisho wa m- katika vivumishi: udongo mwekundu, udongo mzuri. Kwa hiyo udongo wenye umri mdogo ni udongo mchanga. Lakini mchanga ni nomino pia, yaani zile chembe ngumu za mawe tunazozikanyaga ukingoni mwa Lualaba. Udongo wenye chembe hizo tunauita udongo wa mchanga. Kihusishi -a ndicho kinachotenganisha dhana mbili: umri na umbile.

Sidai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Hilo ni swali la wanaisimu historia. Ninachosema ni kwamba mbele ya barafu inayorudi nyuma dhana hizo mbili hukutana: udongo mchanga pale ni udongo wa mchanga, wa kokoto na wa unga wa mawe. Nchini kwetu hazikutani. Kandokando ya mto Luama kuna udongo wa mchanga ambao si mchanga hata kidogo, kwani chembe zake zimeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Kuchanganya dhana hizi ni kudhani kwamba shamba lenye chembechembe linaweza kutendewa kama ardhi iliyozaliwa jana.

2. Barafu za nchi zetu

Wanafunzi wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba Kongo ina barafu ya kudumu. Iko katika milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kilele cha Margherita katika Mlima Stanley kina kimo cha mita 5,109. Mtawala wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Italia, alipokipanda mwezi Juni 1906, barafu za Rwenzori zilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 6.5. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki pungufu ya kilomita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya kilichobaki iko katika huo Mlima Stanley.

Hali ni hiyo hiyo Kilimanjaro, ambako barafu ya kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilikuwa imepungua hadi chini ya 2 kufikia mwaka 2011. Katika Mlima Kenya, Halford Mackinder alifika kileleni Batian mwaka 1899; tangu wakati huo barafu kadhaa za mlima huo zimetoweka kabisa.

Wataalamu wa jiografia wametunga neno barafuto kwa ajili ya barafu ya aina hii, yaani barafu iendayo kama mto. Ni neno zuri, kwa sababu linabeba wazo la mwendo. Barafuto huteremka polepole kwa uzito wake, ikisaga mwamba chini yake. Inapoyeyuka kwa kasi kuliko inavyolishwa na theluji, ukingo wake hurudi nyuma, na mbele yake hubaki vifusi: mawe makubwa, kokoto, mchanga, na unga laini wa mwamba uliosagwa.

Kwa kuwa ukingo hurudi mwaka hadi mwaka, ardhi iliyo mbele yake hupangika kwa umri. Mita chache kutoka kwenye barafu ni ardhi ya mwaka mmoja. Mbele zaidi ya miaka kumi. Mbele zaidi ya miaka mia. Mtafiti akitembea kuteremka mlima, anatembea katika wakati. Kazuharu Mizuno, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alifanya hivyo kwa miaka mingi mbele ya barafuto ya Tyndall katika Mlima Kenya. Barafuto hiyo ilirudi nyuma karibu mita 3 kwa mwaka kati ya 1958 na 1997, kisha ikaongeza kasi. Mmea wa kwanza kuifuata ulikuwa Senecio keniophytum, mmea mfupi wenye majani ya manyoya, uliosonga mbele kwa mwendo unaokaribia ule wa barafu yenyewe. Mimea mingine ilikuja baadaye, pale ambapo udongo ulikuwa umeanza kushikamana.

Yaanzayo pale si rahisi. Katika milima hiyo mchana huwa na jua kali na usiku huganda. Maji yaliyo ndani ya udongo hugeuka sindano za barafu, huinua chembe na kung'oa miche, na asubuhi huyeyuka tena. Hata hivyo baridi si kikwazo pekee. Kikwazo kingine ni chakula.

3. Kilichomo na kisichomo

Mmea huhitaji virutubishi vingi, lakini kwa ajili ya hoja yetu viwili vinatosha: nitrojeni na fosforasi. Nitrojeni ni sehemu ya kila protini. Fosforasi imo katika urithi wa kila seli, na imo pia katika molekuli zinazobeba nishati kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine. Hakuna kiumbe kinachoweza kubadilisha kimoja kwa kingine.

Viwili hivi vina nyumbani tofauti kabisa. Fosforasi hukaa katika mwamba, hasa katika madini yaitwayo apataiti, ambamo imeshikamana na kalsiamu. Kwa hiyo barafu inaposaga mwamba, huacha fosforasi nyingi juu ya ardhi. Nitrojeni hukaa hewani: asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, lakini mwamba wa kawaida hauna karibu chochote. Udongo wa siku ya kwanza, basi, ni kama nyumba yenye ghala lililojaa fosforasi na sufuria tupu ya nitrojeni.

Lakini ghala hilo limefungwa. Apataiti haiyeyuki kwa urahisi katika maji baridi yasiyo na asidi. Vilevile nitrojeni ya hewani imefungwa: chembe zake mbili zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba mimea haiwezi kuitumia ilivyo. Huingia udongoni kwa milango michache. Mvua na radi huleta kiasi kidogo. Upepo huleta vumbi, wadudu waliokufa na mabaki ya majani kutoka chini. Mlango mkubwa kuliko yote ni viumbe vidogo, hususan sianobakteria, ambao wanaweza kuvunja kifungo kile na kuigeuza nitrojeni kuwa chakula. Kwa macho huonekana kama utando mweusi au wa kijani juu ya mchanga wenye unyevu.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha hivi: udongo mchanga umekosa nitrojeni, udongo mkongwe umekosa fosforasi. Kauli hiyo si ya uongo, lakini ni fupi mno. Inataja nani hayupo. Haielezi jinsi waliopo wanavyohusiana.

4. Vitenzi vitatu vya -ana

Kiswahili kina kiambishi kimoja ambacho lugha nyingi zingekitamani hapa: -ana ya kutendana. Nimeona kwamba karibu kila jambo linalosemwa na wataalamu kuhusu uhusiano wa virutubishi linaweza kuwekwa chini ya vitenzi vitatu: kungojeana, kusaidiana na kuzuiana.

4.1 Kungojeana

Mwanakemia wa Ujerumani Justus von Liebig, katika karne ya 19, alieneza kanuni isemayo kwamba ukuaji wa mmea hupimwa kwa kile kilicho kichache kuliko vyote kulingana na mahitaji yake. Kwetu tungesema kwa mafiga: figa moja likiwa fupi, chungu humwagika, hata mengine mawili yakiwa marefu kama mnara. Kwa kanuni hiyo, mtafiti atafute figa fupi, alirefushe, basi.

Lakini katika udongo mchanga mafiga yanashikana. Bakteria wanaovunja nitrojeni ya hewa hutumia nishati nyingi sana: kwa kila molekuli moja ya nitrojeni hutumika angalau molekuli 16 za ile dutu ya nishati iitwayo adenosini trifosfati, ambayo, kama jina linavyosema, imejengwa kwa fosforasi. Tena kimeng'enya chao cha kuvunjia kinahitaji chuma na molibdenamu. Pasipo fosforasi, basi, nitrojeni haiingii.

Upande wa pili, mizizi, kuvu na bakteria huchopoa fosforasi kutoka katika mabaki ya viumbe kwa kutumia vimeng'enya maalumu. Kimeng'enya ni protini, na protini haijengwi bila nitrojeni. Pasipo nitrojeni, basi, fosforasi haitoki. Kila mmoja anamngojea mwenzake mlangoni.

Jambo hili lilionekana wazi mbele ya barafuto ya Puca katika milima ya Andes nchini Peru. Watafiti walitia nitrojeni peke yake katika vipande fulani vya ardhi, fosforasi peke yake katika vingine, na zote mbili pamoja katika vingine. Kulingana na vitabu, nitrojeni ndiyo ingefanya kazi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalikuwa kinyume: fosforasi ndiyo iliyoharakisha kuota kwa mimea na viumbe vidogo vya kijani. Fosforasi ilikuwamo katika mwamba, lakini ilikuwa haijafunguliwa. Ilipotolewa tayari, viumbe vidogo viliweza kujitafutia mengine.

Wala matokeo hayo hayawezi kuhamishwa kila mahali. Mwamba wa Mlima Kenya ni wa volkano ya kale; ule wa Rwenzori ni mwamba mgumu uliopikwa chini ya ardhi, kisha ukainuliwa. Kila mwamba una apataiti yake na kasi yake ya kuitoa. Swali sahihi si "udongo mchanga unakosa nini?" bali "katika mwamba huu, baridi hii na mvua hii, nani anamngojea nani?"

4.2 Kusaidiana

Baada ya kungojeana huja kusaidiana. Mfano mashuhuri uko Glacier Bay, Alaska, ambako barafu imerudi nyuma kwa makumi ya kilomita tangu karne ya 18. Mwaka 1916 mwanabotania William Cooper aliweka huko vipande vya ardhi vya kufuatilia, na kazi hiyo imeendelezwa na wengine hadi nyakati zetu. Miongoni mwa mimea ya kwanza kuja kuna Dryas, mmea mfupi unaotambaa. Kisha huja alda, mti mdogo wenye vinundu mizizini. Ndani ya vinundu hivyo mna bakteria wanaovunja nitrojeni ya hewa, kama walivyo katika mizizi ya karanga na kunde.

Alda huleta nitrojeni, lakini haiishii hapo. Majani yake yanapooza, na nitrojeni yake inapobadilishwa na bakteria wa udongo, hutokea asidi. Watafiti walipima mwaka 1955 wakakuta kwamba chini ya alda kiwango cha pH kilishuka kutoka 8 hivi hadi 5 hivi katika miaka isiyozidi 50. Asidi hiyo huyeyusha apataiti. Yaani mti ulioleta nitrojeni ndio uliofungua pia ghala la fosforasi, na fosforasi iliyofunguliwa ikalisha bakteria walioleta nitrojeni.

Kuvu nao wana sehemu yao. Aina nyingi huungana na mizizi, nyuzi zao nyembamba zikipenya pale ambapo mzizi haufiki. Kuvu huleta fosforasi na maji. Mmea hulipa kwa sukari. Ukingoni mwa barafu za Afrika Mashariki hakuna mti kama alda wa kuanzisha kazi hii kwa haraka. Mzigo mkubwa unabaki kwa sianobakteria, kwa mvua na kwa vumbi, na ndiyo sababu mojawapo mwendo ni wa polepole. Hata nitrojeni inapokusanyika, baridi huchelewesha kuoza. Katika mabonde yenye maji ya Rwenzori, mabaki ya mimea hurundikana yakiwa hayajaoza, na nitrojeni hulala ndani yake.

4.3 Kuzuiana

Kitenzi cha tatu ndicho kilichonihukumu. Virutubishi huzuiana kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kufungana. Katika udongo usio na asidi, fosforasi hushikwa na kalsiamu. Asidi ikiongezeka kidogo, hufunguliwa. Asidi ikizidi, chuma na alumini iliyo katika udongo huikamata fosforasi upya, na mara hii kifungo ni kigumu zaidi. Fosforasi hupatikana vizuri zaidi katika nafasi finyu, pH ikiwa kati ya 6 na 7. Asidi ile ile iliyokuwa msaada katika udongo mchanga huwa adui katika udongo uliozeeka.

Namna ya pili ni kutosheka kwa mmoja kumfanya mwenzake asifanye kazi. Bakteria wa vinundu hulishwa na mmea kwa sukari nyingi. Kwa mmea, nitrojeni yao ni ya ghali. Mmea ukikuta nitrojeni tayari udongoni, hupunguza vinundu na kuchukua ile iliyo rahisi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa shambani kwa mama mdogo wangu. Urea iliifanya karanga iache kujitegemea na kumwaga nguvu zake katika majani. Fosforasi ya kuunda mbegu ilikuwa haba, na haikuongezwa. Kalsiamu, ambayo ganda la karanga huinyonya moja kwa moja kutoka udongoni linamokulia, haikuongezwa pia. Figa lililokuwa refu lilirefushwa tena.

5. Kutoka uchanga hadi ukongwe

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa New Zealand, Walker na Syers, waliandika historia ya fosforasi katika udongo kana kwamba ni historia ya maisha ya mtu. Mwanzoni yote imo katika apataiti. Kisha sehemu huyeyuka na kuingia katika viumbe na mabaki yao. Wakati huohuo nyingine huoshwa na mvua, na nyingine hufungiwa ndani ya chembe za chuma na alumini zisikofikika. Kwa kuwa hakuna fosforasi hewani ya kujaza pengo kama ilivyo kwa nitrojeni, ghala hupungua bila kurudishiwa, isipokuwa kwa vumbi kidogo. Mbele ya barafuto ya Franz Josef, katika nchi hiyo hiyo, ardhi zenye umri wa miaka michache hadi miaka 120,000 hivi zimepimwa: msitu hukua, hufika kilele chake, kisha hudhoofika fosforasi inapokwisha, ingawa mvua na jua havijabadilika.

Sasa tugeuke nyumbani. Udongo mwingi wa Kasongo na Kabambare ni mwekundu au wa manjano, na rangi hiyo ndiyo rangi ya chuma. Ni udongo wa mwisho wa historia ile. Jambo la kustaajabisha ni kwamba barafu iliwahi kufika hata pande hizi. Katika mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie, kusini-mashariki mwa Kabambare, wanajiolojia wametambua vifusi vilivyoachwa na barafu yapata miaka milioni 300 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Lakini uchanga ule umekwisha zamani. Mvua ya kitropiki imeosha kalsiamu na potasiamu, apataiti imeyeyuka, na fosforasi iliyobaki imeshikwa na chuma na alumini.

Wazee wetu husema udongo umechoka. Usemi huo una hekima, lakini unaficha jambo: aliyechoka hupumzika akapata nguvu. Shamba likiachwa liote kichaka, nitrojeni hurudi, kwa kuwa hewa haiishi. Fosforasi hairudi kwa njia hiyo. Kichaka huikusanya tu kutoka chini na pembeni na kuihifadhi katika majani na kuni. Tunapokata na kuchoma, majivu huiweka juu ya ardhi pamoja na potasiamu na kalsiamu, na hupunguza asidi. Lakini sehemu kubwa ya nitrojeni iliyokuwa katika majani na kuni hupanda na moshi. Kwa msimu mmoja au miwili, basi, shamba lililochomwa hufanana kwa kiasi na ardhi ya mbele ya barafu: madini yapo, nitrojeni imepungua. Moto hulirudisha shamba katika uchanga wa kuazima. Mvua ikikusanya deni lake, na kichaka kikikatwa kabla hakijakomaa, kila uchanga huwa mfupi kuliko uliotangulia.

Kuna uchanga wa kweli ulio karibu nasi zaidi ya Rwenzori. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi Goma mwezi Januari 2002, na tena kuelekea mji huo mwezi Mei 2021. Lava, kama vifusi vya barafu, huja na fosforasi na potasiamu lakini bila nitrojeni, na huanza kutawaliwa na kuvumwani, ule ushirika wa kuvu na viumbe vya kijani. Mkulima wa udongo wa volkano na mkulima wa Kabambare wakipewa karatasi moja ya mbolea, mmoja wao atadanganywa.

6. Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na hayo, ninapendekeza mambo manne kwa wanaotafsiri na wanaofundisha.

Kwanza, neno mbolea lisitumiwe kutafsiri jina la kirutubishi chochote. Mbolea ni mzigo. Kirutubishi ni kilichomo ndani ya mzigo. Urea ina nitrojeni bila fosforasi. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo, karibu bila nitrojeni. Samadi ina yote, kwa viwango vidogo.

Pili, nitrojeni na fosforasi zitajwe kwa majina yake. Kwa kuwa wakulima wetu waliosoma wanajua azoti na fosfori, majina hayo yaandikwe pamoja na yale ya Kiswahili cha Mashariki mara ya kwanza yanapotokea. Kuficha jina ili kumrahisishia msomaji ni kumnyima kitu cha kuuliza dukani.

Tatu, tutofautishe udongo mchanga (umri), udongo wa mchanga (umbile) na udongo uliochoka (hali). Mkinzani wa kwanza uwe udongo mkongwe.

Nne, vitenzi vya -ana vitumike waziwazi. Sentensi "nitrojeni na fosforasi ni muhimu" haimfundishi mtu. Sentensi "nitrojeni na fosforasi hungojeana, ukileta mmoja aliyekwisha kufika, umetupa fedha" inaweza kumzuia mtu asiuze mbuzi wake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba katika ardhi iliyoachwa na barafu, fosforasi huwapo ikiwa imefungwa, nitrojeni haipo ila hewa imejaa. Kwamba kila moja huhitaji nyingine ili ipatikane. Kwamba asidi ya mimea ya kwanza hufungua kilichofungwa, na ikizidi hukifunga tena. Na kwamba mwisho wa safari hiyo ndefu ni udongo kama wetu. Barafu za Rwenzori zinaendelea kupungua, nazo zinazidi kufunua kurasa za mwanzo za kitabu ambacho sisi wa Maniema tunaishi katika kurasa zake za mwisho.

Nimeiandika upya karatasi ile, kwa gharama yangu. Kwa karanga na maharagwe inasema: fosforasi na majivu kwanza, urea usiitie, mizizi inajitafutia nitrojeni yenyewe. Kwa mpunga na mahindi inasema: nitrojeni inahitajika, lakini usiitie peke yake. Nilimsomea mama mdogo chini ya mwembe wake. Neno hungojeana alilipokea mara moja, akacheka. Neno kirutubishi alilikataa. Alisema afadhali niandike "chakula cha jani" na "chakula cha mbegu", maneno ambayo hakuna mtu Kabambare atakayehitaji kufafanuliwa.

Kisayansi maneno yake yana kasoro, kwa kuwa jani nalo linahitaji fosforasi na mbegu nayo inahitaji nitrojeni. Kwa mkulima aliyesimama dukani na fedha mkononi, huenda yana faida kuliko yangu. Sijaamua. Wenzangu wa idara za kilimo, kemia na lugha wenye maoni juu ya jambo hili wanakaribishwa kuyaleta katika toleo lijalo, kwani msimu wa kupanda hautasubiri kamati ya istilahi.